Mizani Ikigoma, Mazoezi Yaendelee

"Mwalimu, mbona nahema hivi kila wiki na mwili uko palepale?" Aliniuliza mama mmoja wa kikundi chetu cha jogging, anayekaanga mihogo karibu na Soko la Buguruni. Tulikuwa tumetoka Malapa tukafika Sheli, jasho likimtiririka, kanga kaikaza kiunoni. Namjibu hapa mbele ya wote, maana wengi wameacha mazoezi kwa swali hilohilo.

Mwili huchoma chakula hata ukiwa umelala: moyo unapiga, ini linafanya kazi, ubongo haupumziki. Kwa wengi wetu, kazi hiyo ya kimyakimya hula zaidi ya nusu ya nguvu za siku nzima. Mbio za asubuhi huongeza kidogo tu juu yake, na soda na chapati mbili baada ya mbio hurudisha chote.

Ushahidi unaonigusa zaidi umetoka hapahapa nchini. Mwaka 2012, Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadza 30 wa kando ya Ziwa Eyasi, watu wa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Wanaume walitembea takribani kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu 6. Lakini ukizingatia ukubwa wa mwili, kalori walizochoma kwa siku zilikaribiana na za Wamarekani na Wazungu wanaoshinda wamekaa. Pontzer anaona kwamba mwili unaohangaika sana hubana matumizi kwingineko.

Na ukishapungua, mwili hubana zaidi. Mwaka 2016, Kevin Hall na wenzake walitoa matokeo ya washiriki 14 wa kipindi cha televisheni cha Marekani, The Biggest Loser. Miaka 6 baada ya shindano, wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo zao, na miili yao ikipumzika ilichoma kalori kama 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa. Mafuta yakipungua, leptini, homoni inayouarifu ubongo kwamba akiba ipo, nayo hushuka, na njaa inapanda. Kwa hiyo jirani akinenepa tena, tusimwite mvivu wala mlafi. Maneno hayo huniuma sana nikiyasikia mtaani.

Sasa tunakimbia kwa nini? Kwa sababu msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, hata kwa mtu ambaye insulini yake imeanza kuelemewa. Mafuta yaliyojazana kwenye ini hupungua hata kama mizani ya kijana anayepima watu uzito barabarani kwa kutangaza na spika inasoma vilevile. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002, watu waliokuwa karibu kupata kisukari walilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Hatari yao ilishuka kwa asilimia 58. Kwa mama wa kilo 90, hizo ni kilo 6 na ushei tu.

Mnaopunguza chakula, msiishie kwenye mbio. Chuchumaeni na kuinuka, nyanyueni madumu ya maji, maana mwili ukipungua hupoteza na misuli. Na anayetumia dawa za sukari aongee kwanza na daktari wake, kwa kuwa mazoezi yakizidi sukari inaweza kushuka mno.