Treni Zitapishana Wapi?

Bonde la Ruzizi lilishawahi kuwa na reli. Wabelgiji waliijenga kutoka Kalundu, bandari ya Uvira, hadi Kamanyola, kwenye uwanda huu huu unaopitiwa leo na barabara ya taifa namba 5 inayokatiza Luvungi. Mizigo iliyovuka Ziwa Tanganyika ilipakiwa mabehewani Kalundu na kushushwa Kamanyola, malori yakaipandisha milimani hadi Bukavu. Reli hiyo ilifungwa kabla ya uhuru wa Kongo wa 1960. Ilikuwa ya mizigo, na gunia halilalamiki likichelewa nusu saa.

Mfanyakazi anayewahi kazini hulalamika, tena kwa haki. Dar es Salaam ilikutana na hesabu hiyo ya dakika Oktoba 2012, zilipozinduliwa treni za mjini ambazo watu waliziita "treni ya Mwakyembe", kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Moja ilitoka Ubungo Maziwa hadi katikati ya jiji kwenye reli ya kati, yenye upana wa milimita 1,000. Nyingine ilipita reli ya TAZARA kutoka Mwakanga, milimita 1,067. Sentimita zisizofika 7 zilitosha kuzuia behewa la huku lisiende kuokoa jahazi kule.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba kila moja ilikuwa na njia moja tu, ya kwenda na kurudi. Tuseme kipande kati ya sehemu mbili za kupishana huchukua dakika 12. Treni ya kwenda ipite, ya kurudi ipite, na kila mara zitoke dakika 2 za kuhakikisha njia ni salama: jumla dakika 28. Hapo utapata treni mbili kwa saa kila upande, hata ukinunua vichwa kumi vipya vya treni. Ukijenga mchepuko wa mita mia kadhaa katikati ya kipande hicho, jumla hiyo inashuka hadi dakika 16, na treni tatu kwa saa zinaingia bila kusukumana. Wanasiasa hupenda kukata utepe mbele ya kichwa kipya. Mchepuko hauna sura ya kupigia picha.

Dakika nyingine hupotea mwisho wa safari. Kichwa kikatwe, kizunguke, kifungwe upande wa pili, breki zipimwe. Nairobi ilipunguza kazi hiyo kwa kununua treni zilizotumika awali kisiwani Mallorca, Uhispania, zenye chumba cha dereva kila upande: dereva anahama, treni inarudi. Nyingine hupotea mlangoni. Penye paa moja dogo stesheni, abiria wote hujibana kivulini, na treni nzima husubiri waingie kwa milango miwili huku mingine ikiwa haina mtu. Kurefusha paa ni kurekebisha ratiba.

Halafu kuna nafasi kati ya treni na treni. Treni mbili kwa saa, kila baada ya dakika 30, humsubirisha abiria anayefika bila mpango dakika 15 kwa wastani. Treni hizo hizo zikifuatana kwa dakika 10, kisha 50, wastani unapanda hadi karibu 22. Sababu ni rahisi: wakifika watu 60, mmoja kila dakika, 50 kati yao huangukia pengo refu na kusubiri dakika 25 kwa wastani. Idadi ya treni haikupungua hata moja. Uswisi ililielewa jambo hili mwaka 1982, ilipopanga treni zake nchi nzima ziondoke dakika ileile kila saa. Abiria hahitaji kubeba karatasi ya ratiba, anaikumbuka kichwani.

Kwa hiyo siku atakapokuja mtu Luvungi na ahadi ya kurudisha reli bondeni, kwa ajili ya wanafunzi na wachuuzi wanaokwenda Uvira alfajiri, msimuulize kwanza ataleta treni ngapi. Mwambieni achore zitapishana wapi.