Je, Wajua? Baiskeli Isiyo na Kwao

Je, wajua kwamba ringi ya baiskeli ya inchi 28 ni kubwa kuliko ringi ya inchi 29? Mimi sikujua, hadi siku nilipopeleka ringi yangu mpya, iliyotoka Taiwan kwa ndege, kwa fundi baiskeli mmoja mjini Morogoro. Aliitazama, akaingia uani, akatoka na ringi kuukuu ya baiskeli ya Raleigh. Akazilaza chini, moja juu ya nyingine. Ya kizee ikatokeza pande zote.

"Mwanangu," alisema, "namba ni jina tu. Kipimo ni kingine."

Kipimo chenyewe ni hiki. Pale tairi linapokalia, ringi ya 28 ya baiskeli za kizamani, zile nyeusi za kubebea mkaa na maziwa, ina kipenyo cha milimita 635. Ringi ya 29 ya baiskeli ya milimani ina milimita 622. Jina halitokani na ringi, linatokana na tairi likishajaa upepo. Ringi ya 635 huvaa tairi jembamba la inchi moja na nusu, na ukipima kutoka nje hadi nje unapata inchi 28. Ringi ya 622 huvaa tairi nene la inchi mbili na robo, na unene huo ndio unaoisukuma hadi 29. Mwembamba mrefu amepewa jina la ufupi, mnene mfupi akapewa jina la urefu.

Nilikuwa nimeamua kujiundia baiskeli ya kupandia njia ya Morningside, kwenye ubavu wa milima ya Uluguru. Baiskeli nzima ya aina niliyoitaka ilinizidi kimo. Lakini kipande kimoja kila mshahara unapoingia, hilo niliweza. Fremu niliagiza China, foki kwa muuzaji wa Uingereza, ringi Taiwan, na vikorokoro vingine popote nilipoviona kwa bei nafuu. Nilidhani nafanya jambo geni. Kumbe ndivyo baiskeli hii ilivyozaliwa.

Mtoto wa jalalani

Katikati ya miaka ya 1970, vijana wa kaunti ya Marin, California, waliokota fremu za chuma za Schwinn zilizotengenezwa miaka ya 1930 na 1940, baiskeli nzito za watoto wa enzi hizo, wakawa wanashuka nazo milimani kwa mwendo wa kutisha. Oktoba 1976 walianza kushindana kwenye njia moja karibu na mji wa Fairfax, inayoporomoka karibu mita 400 katika umbali wa takriban kilomita 3. Waliiita Repack. Breki ya nyuma ilikuwa ile ya kurudisha pedali kinyume, na kufika chini habu, kitovu cha gurudumu, ilikuwa imepata moto hadi grisi inatoka moshi. Kabla ya kushuka tena ilibidi uifungue na kuijaza grisi upya, na kujaza upya ndiko kulikoipa njia jina.

Mwaka 1977 mmoja wao, Joe Breeze, akatengeneza fremu iliyokusudiwa kazi hiyo tangu mwanzo. Leo baiskeli yake ya kwanza imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian jijini Washington. Miaka michache iliyofuata, baiskeli za wenzake kama Tom Ritchey na Gary Fisher zilikuwa mkusanyiko wa mataifa: kranki za TA kutoka Ufaransa, mikono ya breki ya Magura iliyotengenezwa Ujerumani kwa ajili ya pikipiki, gia za SunTour kutoka Japani. Hakukuwa na kiwanda hata kimoja duniani kilichotengeneza vipande vyote vya mashine hiyo. Mwaka 1981 ilipotoka Stumpjumper ya kampuni ya Specialized, baiskeli ya kwanza ya milimani kuuzwa kwa wingi, nayo iliuzwa na Wamarekani lakini ikatengenezwa Japani.

Kwa hiyo baiskeli ya milimani haina kwao. Kinachofanya kipande cha Ujerumani kikae na cha Japani ni vipimo ambavyo watengenezaji wamekubaliana. Wasipokubaliana, anayeumia ni mnunuzi.

Milimita 6

Mimi niliumia kwenye habu ya nyuma.

Fremu yangu ilikuwa na nafasi ya milimita 148 kati ya miguu yake miwili ya nyuma. Habu niliyoagiza ilikuwa ya milimita 142. Picha zilifanana, bei ilikuwa nzuri, nikalipa. Fundi alipoiingiza, ilicheza katikati kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Milimita 6, haifiki hata unene wa penseli.

"Ingekuwa Raleigh," alisema fundi, "ningeibana miguu kwa mikono yangu mambo yakaisha." Chuma hukubali kukunjwa kidogo na kubaki pale ulipokiweka. Aluminiamu, kama ya fremu yangu, haikubali. Ukiibana leo inaanza ufa usiouona, na ufa huo hufunguka siku uko kwenye mteremko. Kuirudisha habu kwa muuzaji kungenigharimu zaidi ya bei yake. Bado ninayo, kwenye droo.

Baadaye nikaelewa kwa nini kipimo cha 148 kilizuka. Kwa miaka mingi habu za nyuma za baiskeli za milimani zilikuwa milimita 135, kisha zikaja 142 zenye ekseli nene ya kupenya moja kwa moja. Magurudumu ya 29 yalipoenea, spoku zikawa ndefu zaidi na gurudumu likaanza kuyumba kwenye kona. Dawa ikawa kuyasogeza masikio ya habu, pale spoku zinaposhika, milimita 3 kila upande. Simama miguu ikiwa pamoja, mtu akusukume begani. Kisha ipanue miguu, akusukume tena. Spoku nazo zikipanuka chini, gurudumu husimama imara zaidi.

Mtego wa pili uko hapo hapo kwenye habu, kwenye kipande kinachobeba kaseti ya gia. Ndani yake mna friwili, na friwili ni ufundi wa zamani. Kampuni ya Shimano ilianza mwaka 1921 huko Sakai, mji wa Japani uliosifika kwa visu, na bidhaa yake ya kwanza ilikuwa friwili. Lakini leo kaseti za milimani zinahitaji mwili wa habu wa aina tofauti. Aina ya zamani ya Shimano haiwezi kubeba gia ndogo kuliko ile ya meno 11. Watengenezaji walipotaka gia ya meno 10, kampuni ya SRAM ikabuni mwili wake, na Shimano ikabuni mwingine. Kaseti ya moja haipandi kwenye mwili wa nyingine, hata ukitumia nyundo. Ukiagiza bila kulijua hilo, umeuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia ulilifunga mwenyewe.

Tangu siku hiyo nina daftari. Kila kipande kina ukurasa wake: upana wa habu, aina ya mwili wa kaseti, kipenyo cha shingo ya foki juu na chini, nafasi kati ya matundu ya breki, aina ya mafuta ya breki. Hili la mwisho si dogo. Breki nyingine hutumia mafuta ya madini, nyingine hutumia kimiminika cha breki za magari, na mpira wa ndani wa breki moja huharibiwa na mafuta ya nyingine. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Uzito wa hewa

Je, wajua pia kwamba mzigo wa ndege unaweza kulipiwa kwa uzito wa hewa? Fremu yangu ilikuwa na kilo mbili na kitu. Lakini makampuni mengi ya kusafirisha vifurushi kwa ndege huchukua urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, huzidisha, kisha hugawanya kwa 5,000. Jibu likizidi uzito wa mizani, unalipia jibu. Boksi la sentimita 110 kwa 65 kwa 20 linahesabiwa kilo 28.6, hata kama ndani mna fremu na magazeti tu. Ndege hujaa nafasi kabla ya kujaa uzito, na nafasi ndiyo wanayouza. Ndiyo maana kaseti na mnyororo havisumbui, lakini fremu na ringi huweza kula bei ya ununuzi wenyewe kwa nauli. Mzigo ukishatua, weka kando asilimia 18 ya VAT, pamoja na ushuru wa forodha na ada za kutoa mzigo, kabla hujamwambia mtu kwamba umepata kwa bei ya chee.

Uzi unaokaza kinyume

Siku ya kuunganisha, fundi alianza na tundu la chini la fremu, pale kranki inapopita. Alipaka grisi, akashika kikombe cha beringi cha upande wa kulia, upande wa mnyororo, akaanza kukizungusha kushoto. Nikafikiri amekosea. Hakukosea. Uzi wa upande huo hukaza kinyume na saa, na wa upande wa pili hukaza kwa kufuata saa.

Uzi huo una kipenyo cha inchi 1.37 na mistari 24 kwa kila inchi. Unaitwa BSA, kwa jina la Birmingham Small Arms, kampuni ya Kiingereza iliyoanza mwaka 1861 kwa kutengeneza bunduki kabla ya kugeukia baiskeli. Viwanda vingi viliwahi kuuacha, vikawa vinashindilia beringi ndani ya fremu bila uzi. Waendeshaji wakalalamika kwamba baiskeli inalia kama kitanda cha kamba, na baadhi ya viwanda vikarudi kwenye uzi ule ule.

Kwa nini ukaze kinyume? Chukua penseli. Ifunge ndani ya ngumi iliyolegea, kisha shika ncha yake ya juu uizungushe kuchora duara, kwa kufuata saa. Utaona penseli yenyewe inajiviringisha kinyume na saa ndani ya ngumi. Kitu cha duara kilichomo ndani ya tundu kubwa kidogo kuliko chenyewe, kikisukumwa kwa nguvu inayozunguka, hutambaa kwenye ukuta wa tundu na kujigeuza upande wa pili. Hata uzi uliokazwa una uwazi mdogo, na uwazi huo unatosha.

Kwenye tundu la kranki, fremu imetulia na nguvu ya miguu inazunguka pamoja na kranki. Ukisimama upande wa kulia, mzunguko unafuata saa, basi kikombe kinataka kutambaa kinyume na saa. Uzi wa kawaida ungefunguka, kwa hiyo umegeuzwa. Waitaliano walibaki na uzi wa kawaida pande zote mbili kwenye kipimo chao, na mafundi wanajua jinsi kikombe cha kulia cha baiskeli hizo kinavyopenda kulegea. Kwenye pedali mambo yanapinduka: mguu unasukuma chini daima, na kinachozunguka ni kranki. Kwa hiyo pedali ya kulia ina uzi wa kawaida, na ya kushoto ndiyo iliyogeuzwa.

Tukaendelea. Boliti za usukani fundi alizikaza kwa mkono mwepesi, mimi nikiangalia namba iliyochapwa pembeni: nyutoni-mita 5. Hiyo ni sawa na kuning'iniza mfuko wa mchele wa kilo 5 kwenye ncha ya spana ya sentimita 10, basi. Mtu mwenye kifua hupita hapo bila kujua, akaharibu uzi.

Jioni baiskeli ilisimama. Ilikosa pedali tu. Zangu zilikuwa bado njiani, na ule ukurasa wa kufuatilia mzigo ulikuwa umeniandikia maneno yale yale kwa siku tisa.

Fundi hakusema kitu. Aliingia uani, akainamia ile Raleigh, akarudi na pedali zake mbili, za chuma na vipande vya mpira vilivyolika. Kipimo cha uzi wake ni sehemu 9 kati ya 16 za inchi, mistari 20 kwa inchi. Akashika ya kulia, akaielekeza kwenye kranki mpya iliyokuja ndani ya sifongo na karatasi za kung'aa, akaizungusha kwa vidole. Ikaingia kama imekuja na boksi. Ya kushoto akaigeuza upande wa pili, nayo ikaingia.

"Zako zikifika," alisema akipangusa mikono, "unirudishie hizo. Raleigh ile ina mwenyewe."