Nyama au Safari? Nilipokwenda Mwanza Kukagua Gari la Mbio

Usiku mmoja wa masika, mwanetu wa pili alipandwa na homa kali. Tukampeleka hospitali ya Murgwanza kwa bodaboda: dereva mbele, mama yake katikati akiwa amemfunika mtoto kwa turubai, nami nyuma nimeshika mwavuli usiosaidia kitu. Mtoto alipona, alhamdulillahi. Lakini tangu usiku ule, nyumbani kwetu Mabawe hapakuzungumzwa jambo jingine ila gari.

Fedha ilikuwapo, shilingi milioni 12. Milioni 5 zilikuwa zangu, za kahawa na maharage ya miaka kadhaa. Milioni 7 zilikuwa za mke wangu, thamani ya shamba alilorithi kwa marehemu baba yake. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo lililonifunga mikono baadaye. Mali ya mke ni ya mke. Aliponikabidhi nimnunulie, mimi nilikuwa wakili wake tu, na wakili hununua kwa maslahi ya aliyemtuma.

Sasa, ndugu msomaji, nikiri la kukiri. Kwa kinyozi wetu nilipokuwa mtoto palibandikwa picha ya gari la buluu lenye magurudumu ya rangi ya dhahabu, likiruka tope. Ni Subaru Impreza, aina iliyomshindia Colin McRae mashindano ya Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997, na Richard Burns mwaka 2000. Basi dalali mmoja wa Mwanza aliponitumia picha ya Impreza WRX yenye turbo, kwa bei ya milioni 12 kamili, niliuambia moyo wangu kwamba gari lililoshinda Safari Rally halitashindwa na vilima vya Ngara. Mke wangu nilimwambia kwamba lina nguvu na huvuta kwa magurudumu yote manne. Yote mawili ni kweli. Sikumwambia habari ya kinyozi.

Dalali alitaka nitume laki 5 za arubuni, na nisipolinunua zisirudi. Nilikataa. Katika madhehebu yetu ya Shafi, bei ya namna hiyo haisihi, kwani muuzaji hula fedha bila kutoa kitu. Wanazuoni wa Hanbali wameiruhusu, nami siwalaumu wanaowafuata. Nilimjibu kwamba nitakuja mwenyewe.

Nikapanda basi alfajiri, kupitia Biharamulo na Geita. Tangu Juni 2025 hakuna tena kungojea kivuko pale Busisi. Unapita juu ya ziwa kwa daraja. Mwanza nilipokewa na fundi niliyeelekezwa na ndugu wa msikitini. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye maneno machache, na ujira wake nilimlipa mimi, si dalali. Hilo nalo lina uzito wake.

Tulipofika, fundi aliweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya moto. "Limetoka wapi?" akauliza. Dalali akasema lilikuwa limewashwa kidogo tu ili lisafishwe. Fundi akasema, "Basi tukaswali kwanza." Tuliswali Adhuhuri, tukala, tukarudi injini ikiwa imepoa. Lilipowashwa, eksozi ilitoa moshi wa buluu kwa muda, kisha ukaisha. Akanieleza kwamba moshi wa buluu ni oili inayoungua, na injini ikiwa ya moto huenda usiuone kabisa. Moshi mweupe mzito usiokoma ungeashiria maji yanayopenya kwenye gasketi. Akafungua kifuniko cha oili kutazama kama kuna utando kama wa maziwa, dalili ya maji ndani ya oili. Haukuwapo.

Namba ya chasisi ikalingana na kadi. Faini zinazodaiwa gari tuliziangalia kwa namba ya usajili katika mfumo wa polisi. Halikuwa na deni. Kisha likainuliwa. Upande wa mbele kushoto, boliti za madigadi zilikuwa zimechubuliwa rangi kwa spana, na ndani yake palikuwa na mchomeleo uliopakwa rangi mpya. Tumbo la gari lilikuwa na mikwaruzo mirefu.

Fundi akajifuta mikono. "Ustadh," akasema, "gari hili unalitakia wapi?"

Nilinyamaza. Lilinijia darasa la fiqhi la mwaka wa pili chuoni, katika mlango wa aibu za kinachouzwa. Imesimuliwa kwamba mtu mmoja alinunua ngamia jike kwa dirham 300, na Swahaba Wathila bin al-Asqa (Allah amridhie) alikuwapo. Mnunuzi alipoondoka naye, Wathila alimfuata mbio, akamuuliza kama amemnunua kwa nyama au kwa safari. Akajibu, kwa safari. Wathila akamweleza kwamba kwato za ngamia yule zina tundu, na hataweza mwendo wa mfululizo. Mnunuzi akamrudisha, muuzaji akalazimika kupunguza dirham 100, akimlaumu Wathila kwa kumharibia biashara. Wathila akamjibu kwamba walimpa Mtume (s.a.w.) ahadi ya kumtakia mema kila Mwislamu.

Nikamjibu fundi: "Ngara. Mabawe. Na masika kwenda hospitali."

"Kwa lami ya hapa mjini, mtu anayelijua angelimudu," akasema. "Huko kwenu tumbo litapiga chini. Turbo inataka oili safi kwa wakati wake na petroli nzuri. Ninyi petroli mnaipata wapi?"

Petroli yetu mara nyingi hutoka kwenye madumu ya kando ya njia. Sikumwambia, aliisoma usoni.

Dalali akang'aka kwamba fundi anamharibia riziki. Lakini mwenye gari, mzee mwenye heshima zake, aliyekuwa kimya muda wote, akasema, "Sheikh wangu, lilipata ajali kweli. Nitakupunguzia milioni 2, tuandike kwamba limeuzwa kama lilivyo."

Hapo wengi wetu hudanganyika. Kwa kauli yenye nguvu ya Mashafi, sharti la "kama lilivyo" halimsafishi muuzaji na kila aibu. Linamwokoa katika aibu ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua. Lakini aibu niliyoonyeshwa nikairidhia ni yangu, sina pa kuirudisha. Na aibu nitakayoigundua baada ya kununua, nikaendelea kuliendesha gari siku mbili tatu nikijua, haki ya kulirudisha imeondoka, kwa kuwa hutakiwa nichukue hatua mara moja. Mzee yule alikuwa ameniambia ukweli. Kilichobaki kilikuwa juu yangu.

Usiku nilimpigia mke wangu, nikamsimulia yote, na ya kinyozi pia. Akanyamaza kitambo. "Baba," akasema, "mimi nilitaka gari litakalofika Murgwanza."

Asubuhi nilimrudia mzee nikamwambia sitanunua. Akanikaribisha chai. Dalali hakunisalimu. Nilirudi na milioni 12 pungufu ya nauli na ujira wa fundi, vyote nikavitoa katika milioni 5 zangu.

Sasa tunatafuta Probox, gari lisilobandikwa kwa kinyozi yeyote. Wiki iliyopita fundi alinipigia: ile Subaru imenunuliwa na kijana wa palepale Mwanza, kwa milioni 10. Nikamuuliza kama ameambiwa habari ya ajali. Akasema mzee mwenyewe aliinama, akamwonyesha mchomeleo kwa kidole.