MAFUA NA MOYO WENYE UGONJWA

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika na kusukuma takriban lita 5 za damu. Mtu akikimbia au akipatwa na homa, moyo wenye afya huzidisha kazi hiyo bila taabu, kwa kuwa una akiba ya nguvu. Moyo uliokwisha kuugua una akiba ndogo mno. Ndiyo maana virusi vya njia ya hewa huwa hatari kwake.

Virusi vya mafua makali au vya UVIKO-19 vikifika mapafuni, mambo matatu huweza kutokea. Kwanza, homa hupanda na mapigo ya moyo huongezeka. Pili, mapafu yaliyojaa majimaji hupitisha oksijeni kidogo. Hivyo moyo hutakiwa kufanya kazi zaidi huku ukipata oksijeni pungufu. Tatu, mapambano ya kinga ya mwili huifanya damu igande kwa urahisi. Donge la damu likiziba mshipa unaoulisha moyo, sehemu ya msuli wake hufa. Huo ndio mshtuko wa moyo.

Hesabu ya wagonjwa 44,672 wa UVIKO-19 nchini China, iliyotolewa Februari 2020, ilionyesha kwamba walikufa 2.3 kwa kila mia. Miongoni mwa wenye maradhi ya moyo na mishipa walikufa 10.5 kwa kila mia. Miongoni mwa wasio na ugonjwa mwingine, 0.9 tu. Ikumbukwe kwamba wengi wa wenye maradhi hayo ni wazee, na uzee nao huongeza hatari.

Lakini katika Afrika Mashariki jambo hili haliwahusu wazee peke yao. Wamo wanafunzi ambao vali za mioyo yao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi, itokanayo na maambukizo ya koo ya bakteria. Vali iliyosinyaa huhitaji muda ili kupitisha damu. Homa inapouendesha moyo mbio, muda huo hupungua, damu hurundikana mapafuni, na mgonjwa hutweta.

Kwa hiyo mwenye ugonjwa wa moyo asiyadharau mafua. Chanjo humpunguzia hatari. Akianza kutweta au kuumwa kifua, apelekwe hospitali mara moja, bila kungoja homa ishuke.