Kokwa la Mng'ongo na Mti Usiozaa

Mvua zinyeshapo Sepuka, mkoani Singida, matunda ya mng'ongo huanguka yangali ya kijani, yakaivia chini hadi kuwa ya manjano. Nyama yake chachu, yenye vitamini C kupita chungwa, hufyonzwa, kisha kokwa aghalabu hutupwa. Kilichomo ndani ya kokwa hilo ndicho chakula kizito zaidi.

Mng'ongo, ambao wataalamu huuita Sclerocarya birrea, ni wa ukoo mmoja na mwembe na mkorosho. Kokwa lake ni gumu kama mfupa, nalo lina vijumba 2 au 3, kila kimoja kikiwa na kiini kilichozibwa kwa kifuniko kidogo. Kokwa likiwa bichi, kifuniko hushikamana kabisa, likianikwa hulegea. Hapo hugongwa baina ya mawe mawili, na kiini huchokolewa kwa mwiba au sindano. Ni kazi ya kuchosha, lakini Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, upande wa kaskazini, wameiona yastahili.

Zaidi ya nusu ya uzito wa kiini ni mafuta, na takriban robo ni protini. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni asidi ya oleiki, ambayo molekuli yake ina kifungo maradufu kimoja tu. Oksijeni hushambulia vifungo hivyo. Vikiwa vichache, mafuta hukawia kuchacha. Mafuta ya alizeti ya kawaida, ambayo Singida yasifika kwayo, yana vifungo vingi zaidi.

Jikoni, viini hukaangwa kwa moto mdogo, kwani huungua upesi, vikatwangwa na kuungiwa mboga mahali pa karanga. Hata mlenda hukubali.

Mavuno hayo, hata hivyo, yategemea miti isiyozaa kabisa. Kwa kawaida mng'ongo mmoja huwa na maua ya kiume tu au ya kike tu. Mkulima asafishapo shamba, mti dume huonekana hauna faida ila kuchongwa kinu. Kumbe chavua ambayo nyuki huipeleka kwenye miti jike hutoka humo. Miti dume yote ikikatwa, miti jike itachanua na kupukutisha maua bure. Mwanafunzi aweza kuitambua mwishoni mwa kiangazi: maua ya kiume hukaa katika vichala virefu, ya kike huwa machache. Darasa moja laweza kuitia chokaa miti dume iliyo karibu na shule kabla mashamba hayajaanza kusafishwa.