Gari Dogo, Mzigo Mkubwa

Mdharau mwiba, mguu huota tende. Askari aliye zamu barabarani Kamembe, wilayani Rusizi, asilidharau gari dogo ambalo mlango wake wa nyuma huinuka pamoja na kioo. Mfano ni Volkswagen Polo, gari lililoanza kuunganishwa mjini Kigali mwaka 2018. Polo ya umbo la mwaka 2017 ina buti la lita 351. Viti vya nyuma vikilazwa, nafasi hufikia lita 1,125.

Hapo ndipo penye hatari. Nafasi hiyo ikijazwa mchele wa Bugarama, uzito hupita kilo 800, ilhali magari mengi ya namna hii huruhusiwa kilo 400 hadi 500 tu, dereva akihesabiwa humo. Na kutoka bondeni Bugarama hadi Kamembe ni kupanda. Nyuma hudidimia, mbele huinuka, usukani huwa mwepesi mno, nazo taa humpofusha dereva ajaye.

Kwa hiyo, ndugu askari, usiyaamini macho yanapoona nafasi ingali tupu. Kagua springi na matairi ya nyuma, usome kibao cha uzito, kisha hesabu magunia. Saba ya kilo 50, pamoja na dereva, yatosha.