Je, wajua bati huota nywele?

Kwenye machimbo ya wilaya ya Kyerwa, si mbali na Rubwera, wachimbaji wadogo huosha mchanga kwenye karai hadi chini yabaki mawe meusi, madogo lakini mazito ajabu mkononi. Hiyo ni kasiteriti, na ndani yake mna bati. Si lile la kuezekea, ambalo ni chuma kilichopakwa zinki. Hili ni bati lenyewe, linaloyeyuka kwa nyuzijoto 232 tu. Mwamba wake haujali mipaka, kwani Rwanda na Ankole ya Uganda wanauchimba pia.

Karibu nusu ya bati la dunia huishia kwenye kulehemu vifaa vya umeme. Waya laini anaouyeyusha fundi redio ndio huo huo, na setilaiti nayo ina maelfu ya viungio vya namna hiyo. Mchanganyiko wa siku nyingi ni bati asilimia 63 na risasi asilimia 37, unaoyeyuka kwa nyuzijoto 183. Kiungio cha setilaiti kinapaswa kuvumilia mtikisiko wa roketi, kisha joto kali la jua na baridi kali ya kivuli, zamu kwa zamu, miaka nenda rudi. Kikiachia kilomita 36,000 juu ya ikweta, hakuna fundi wa kumpandisha huko.

Sasa kichekesho chenyewe. Bati likiwa safi mno huota nywele. Unywele huo ni fuwele moja, mwembamba kuliko wa kichwani, nao hujisukuma wenyewe kutoka kwenye uso wa metali hadi kufikia milimita kadhaa. Haumwagiliwi wala haupashwi moto. Mkazo uliojificha ndani ya bati ndio unaoutoa. Ukigusa waya wa jirani, umeme unapita pasipopaswa. Hapa duniani kwa kawaida unywele huo huungua mara moja na mambo yakaisha. Kwenye ombwe la angani ni balaa: mvuke wake unaweza kugeuka plazima inayopitisha zaidi ya ampea 200 na kuunguza mtambo.

Mei 19, 1998, setilaiti ya mawasiliano Galaxy IV, iliyorushwa mwaka 1993, ilipoteza kompyuta yake ya kuiongoza. Ile ya akiba ilikuwa imeshakufa kabla. Peja, vile vidude vya mfukoni vya kupokea ujumbe, zaidi ya milioni 40 zikanyamaza Marekani, zikiwemo za madaktari. Uchunguzi ulizitupia lawama nywele za bati.

Dawa ilijulikana tangu miaka ya 1950: changanya risasi kidogo, nywele zinapungua mno. Lakini risasi ni sumu, na tangu Julai 2006 Umoja wa Ulaya umezuia matumizi yake kwenye vifaa vingi vya umeme vya kawaida. Uamuzi wa haki, kwa maoni yangu, ukifikiria watoto wanaochokoa majalala ya simu kuukuu. Vyombo vya angani viliachwa nje ya katazo hilo.

Tatizo ni kwamba viwanda vingi sasa hutengeneza vipuri vyenye bati tupu, na kwa macho huwezi kuvitofautisha. Kwa hiyo wakaguzi wa NASA hupima vipuri kwa eksirei kabla ya kuvifunga, na bati lenye risasi chini ya asilimia 3 haliruhusiwi kupanda.